Pilipili: Jina Lake, Safari Yake, na Dawa Iliyomo Ndani Yake

Wazee wetu walituachia methali isemayo, "Pilipili usiyoila yakuwashiani?" Maana yake twaijua sote: jambo lisilokuhusu lisikusumbue. Lakini leo nawaomba wasomaji wa gazeti hili wakubali kuwashwa kidogo na pilipili wasiyoila, yaani ile iliyoliwa mbali sana na kwetu, zamani kabla babu zetu hawajaijua. Habari zake zatuhusu kuliko tudhanivyo, na mimi mwenyewe nilijifunza hayo kwa maumivu.

Nilipokuwa mtoto wa miaka tisa hivi, jino langu la gego liliniuma usiku kucha. Bibi yangu, mama yake mama, alichuma pilipili kichaa mbili nyuma ya jiko, akazipasha moto juu ya makaa, akaziponda pamoja na chumvi, kisha akanishindilia katika tundu la jino. Nililia kwa sauti kubwa hata majirani wakaja kuuliza kuna nini. Lakini baada ya kitambo maumivu yalipoa, nikalala. Bibi akasema, "Hii ndiyo dawa ya asili yetu, mjukuu wangu. Imekuwako tangu mababu."

Basi tukaendelea hivyo karibu mwezi mzima. Jino likiuma twatia pilipili, likitulia twasahau. Wala hatukwenda zahanati, maana jino likiisha tulia, nani ataikumbuka zahanati? Hata asubuhi moja niliamka shavu limevimba, mwili una homa, na kinywa hakifunguki. Nilipelekwa hospitali, nikapasuliwa chini ya taya ili usaha utoke, nikang'olewa meno mawili badala ya moja. Daktari alimwambia mama kwamba kama tungalikawia siku chache zaidi, usaha ule ungaliweza kuniua. Kovu ninalo hata leo.

Tangu siku hiyo maswali mawili hayakuniacha. Je, dawa ile ilikuwa ya asili yetu kweli? Tena, je, ilikuwa dawa kweli? Nilipokuwa mtu mzima nimeyatafuta majibu katika vitabu, na haya ndiyo niliyoyapata.

Jina lililoazimwa

Yafaa tuanze na jina, kwa kuwa jina ndilo lililotudanganya. Neno "pilipili" lilifika pwani yetu kwa njia ya biashara ya Bahari ya Hindi. Waajemi na Waarabu wana maneno yanayofanana nalo, na mizizi yake imo katika lugha ya kale ya Bara Hindi, ambamo *pippali* lilikuwa jina la kiungo kimoja chenye ukali. Kwa hiyo pilipili ya kwanza kujulikana pwani ni ile tuiitayo leo pilipili manga, yaani pilipili itokayo Manga, upande wa Arabuni. Nayo haikuota Arabuni. Waarabu walikuwa wachukuzi tu. Mmea wake hutambaa juu ya miti kama tambuu, na nchi yake ni Malabar, katika kusini ya Bara Hindi.

Baadaye lilipofika tunda jipya, jekundu, lenye kuwasha kinywa, watu wa pwani hawakulitafutia jina geni. Waliliazima jina la kiungo cha zamani, wakaongeza neno ili kuvitenga viwili hivyo: ile nyeusi ikawa manga, na ile nyekundu ikawa hoho. Kamusi ya Johnson iliyotoka mwaka 1939 yaeleza pilipili hoho kuwa ndiyo ile inayowasha, ingawa siku hizi katika masoko mengi ya Tanzania ukitaka hoho utapewa lile tunda kubwa lisilowasha kabisa. Ndivyo majina yanavyohama.

Lakini si watu wa pwani tu waliofanya hivyo. Christopher Columbus alipovuka bahari mwaka 1492 alikuwa akitafuta njia ya kwenda India, na pilipili manga ilikuwa moja ya mali alizozitamani. Alifika katika visiwa vya Amerika, akakaa pwani ya kisiwa alichokiita Hispaniola, ambacho leo kimegawanyika kuwa nchi za Haiti na Jamhuri ya Dominika. Wenyeji wake, Wataino, walikula tunda waliloliita *ají*. Katika habari zake za mwezi wa Januari 1493, Columbus aliandika kwamba hiyo ndiyo pilipili yao, tena akaiona ina thamani kupita ile aliyoijua. Akaiita kwa jina la kitu alichokuwa akikitafuta, si kwa jina la kitu alichokipata.

Wasomi waliofuata walikosea zaidi. Mwaka 1542 Leonhart Fuchs, tabibu wa Ujerumani, alichapa kitabu kikubwa cha mimea, akatia humo picha nzuri za pilipili na kuiita ya Calicut, akidhani imetoka India. Na mwaka 1776 Nikolaus von Jacquin aliipa aina nyingine jina la Kilatini *Capsicum chinense*, maana yake ya Kichina, naye akidhani asili yake ni China. Aina hiyo ndiyo tuiitayo pilipili mbuzi, wala haikutoka China hata kidogo. Basi bibi yangu hakuwa peke yake katika kukosea. Alikuwa pamoja na wakuu wa elimu.

Ukoo wa pilipili

Ukitaka kujua ukoo wa mmea, usiliulize jina lake, bali litazame ua lake. Mwalimu aweza kuwatoa wanafunzi nje ya darasa na kuwaonyesha ua la pilipili, la nyanya, la bilinganya na la mnavu. Wataona petali zilizoungana chini na kuchongoka juu kama nyota. Mimea hii yote ni ndugu, na pamoja nao kiazi ulaya na tumbaku. Pilipili manga si wa ukoo huu hata chembe. Undugu wake na pilipili yetu ni wa jina tu.

Ukoo mdogo wa pilipili waitwa *Capsicum*, nao una aina zaidi ya 30, nyingi zikiota mwituni. Katika hizo, aina 5 tu ndizo zilizofugwa na wanadamu na kuwa mazao ya shamba. Hoho kubwa na pilipili ndefu nyingi za sokoni ni *Capsicum annuum*. Pilipili kichaa, zile ndogo zinazosimama na ncha zake kuelekea juu, ni *Capsicum frutescens*. Na pilipili mbuzi, kama nilivyosema, ni *Capsicum chinense*.

Watu wengi husema ukali wa pilipili umo katika mbegu. Sivyo. Pasua pilipili kwa kisu, utaona utando mweupe ambao mbegu zimeshikamana nao. Huko ndiko ukali unakotengenezwa, na mbegu hupakwa tu kwa kuwa zimekaa jirani.

Na ukali huo ni wa nini? Mmea hautaki watu waujue utamu wake. Una haja zake. Mwaka 2001 wataalamu Joshua Tewksbury na Gary Nabhan walieleza uchunguzi walioufanya Arizona, katika Marekani. Waliona kwamba wanyama wadogo kama panya hukwepa pilipili za mwitu, lakini ndege huzila bila kujali. Tena mbegu iliyopita katika tumbo la ndege huota, bali ile iliyotafunwa na panya huharibika. Ndege hawausikii ukali ule kama tuusikiavyo sisi. Basi ukali ni kama bawabu mlangoni: humfukuza mharibifu na kumkaribisha mchukuzi. Mwaka 2008 Tewksbury na wenzake walionyesha tena, katika pilipili za mwitu za Bolivia, kwamba ukali huo huzikinga mbegu na ukungu unaoletwa na wadudu wanaotoboa tunda.

Sasa twafahamu kwa nini pilipili kichaa huota chini ya mwembe na kando ya ua bila mtu kuipanda. Shore na ndege wengine wala matunda ndio wakulima wake. Hata ile ya nyuma ya jiko la bibi hakuna aliyekumbuka kuipanda, ndiyo maana yeye aliiona kuwa ya nchi tangu kuumbwa kwake.

Kutoka Amerika mpaka kwetu

Nyumbani kwa pilipili ni Amerika ya Kusini na ya Kati. Mwaka 2007 wataalamu walieleza jinsi walivyokuta chembe za wanga wa pilipili katika mawe ya kusagia na vyungu vya kale, na zile za zamani kupita zote, zilizotoka Ecuador, zina umri wa miaka 6,000 na zaidi. Kwa hiyo wenyeji wa Amerika walikuwa wakilima na kula pilipili maelfu ya miaka kabla hajazaliwa Columbus. Watu wa Mexico waliosema Kinahuatl waliiita *chilli*, na jina hilo ndilo lililoingia katika Kiingereza.

Baada ya Columbus, pilipili ilitembea upesi kuliko mazao mengi. Wareno walifika pwani yetu na kuvuka mpaka India mwaka 1498, pamoja na Vasco da Gama. Mwaka 1500 wakafika Brazil. Mwaka 1510 wakaitwaa Goa. Na mwaka 1593 wakaanza kujenga Ngome ya Yesu huko Mombasa. Merikebu zao ziliunganisha Amerika, Afrika na Bara Hindi, na katika njia hizo pilipili ilisafiri. Wanahistoria huiweka safari hiyo katika miaka ya 1500. Kumbuka kwamba lugha yetu ingali imebeba mizigo ya Wareno: meza, leso, bendera, gereza. Mashamba yetu nayo yamebeba mizigo ya Amerika: muhogo, nanasi, mpera, mkorosho, na hata mahindi, ambayo jina lake latuelekeza India ingawa asili yake ni Mexico.

Pilipili ikatulia kwetu hata ikawa mali ya kuuzwa ng'ambo. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, vitabu vya dawa vya Uingereza viliitaja Zanzibar miongoni mwa nchi zinazotoa pilipili za kutengenezea dawa za kuchua na plasta za kubandika penye maumivu ya mgongo. Mmea uliotoka Amerika ulikuwa sasa ukiuzwa Ulaya kwa jina la Zanzibar.

Swali langu la kwanza limejibiwa. Bibi aliposema "tangu mababu" alisema kweli, maana miaka zaidi ya 400 ni mababu wengi. Lakini aliposema "asili yetu" alikosea, kwa kuwa asili yake ni ya watu wengine, nasi twawiwa shukrani nao.

Kitabu cha wanafunzi wa Tlatelolco

Nafika sasa penye jambo lililonishangaza kupita yote. Mwaka 1529 mtawa mmoja wa Hispania, Bernardino de Sahagún, alifika Mexico. Nchi ile ilikuwa imetekwa na Wahispania miaka michache tu nyuma, na maarifa mengi ya wenyeji yalikuwa yakipotea. Mwaka 1536 chuo kilifunguliwa huko Tlatelolco kwa ajili ya vijana wa Kinahuatl, nao wakafundishwa kusoma na kuandika lugha yao wenyewe, Kihispania na Kilatini. Sahagún aliwatumia vijana hao. Walikwenda kwa wazee wao na kwa waganga wao, wakauliza, wakasikiliza, wakaandika kwa Kinahuatl, kisha Sahagún akatia maneno ya Kihispania kando. Kazi ilichukua miaka mingi, ikawa vitabu 12, na leo yahifadhiwa katika maktaba ya Florence, Italia.

Katika kitabu cha 10 mna habari za maradhi na dawa, na humo nilikuta habari ya jino bovu. Waganga wale walielekeza kwamba pilipili ipashwe moto, ikandamizwe ingali moto juu ya jino linalouma, tena punje ya chumvi ikandamizwe papo hapo.

Niliposoma hayo niliweka kitabu chini nikashika kovu langu. Ilikuwa dawa ile ile ya bibi, pamoja na moto na chumvi yake, iliyoandikwa zaidi ya miaka 400 iliyopita, upande wa pili wa dunia, na watu wasiojua kwamba sisi tupo. Lakini maelekezo yao yalikuwa na neno moja ambalo kwetu halikufika: yakishindikana hayo yote, jino ling'olewe. Waganga wa Mexico walijua pilipili inapokoma. Sisi tuliirithi pilipili, mpaka wake hatukuurithi.

Mlango wa moto

Sasa nijibu swali la pili: je, ilikuwa dawa kweli?

Kitu kinachowasha katika pilipili kiliitwa kapsaisini na John Clough Thresh wa Uingereza mwaka 1876. Mwaka 1912 Wilbur Scoville wa Marekani alibuni njia ya kupima ukali wake kwa kuuzimua katika maji ya sukari mpaka waonjaji wasiusikie tena. Lakini namna unavyofanya kazi mwilini ilifahamika mwaka 1997, wakati David Julius na wenzake huko California walipokigundua kitu chenyewe kinachoguswa na kapsaisini. Kwa kazi hiyo alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2021, pamoja na Ardem Patapoutian.

Nitaeleza kwa mfano. Katika ncha za mishipa ya fahamu mna milango midogo sana. Mlango mmoja kazi yake ni kufunguka penye joto la nyuzi 43 hivi na zaidi, ili mjumbe apige mbio kwenda kwenye ubongo na kusema, "Moto!" Kapsaisini ina umbo la kuufungua mlango huo pasipo moto wowote. Ndiyo maana twasema pilipili inachoma, ingawa ulimi haukuungua. Mjumbe amesema uongo, lakini amesema kwa sauti ile ile ya kweli.

Na ukiendelea kuugusa mlango huo kwa kapsaisini, mshipa huchoka. Mjumbe hulala, na kwa muda hapeleki tena habari, si ya pilipili tu, bali hata ya maumivu mengine ya mahali pale. Hivyo ndivyo maumivu ya jino langu yalivyopoa. Bibi hakuwa mchawi wala mwongo. Aliyafanya kwa mkono wake yale ambayo madaktari wa leo huyafanya kwa kipimo. Ziko dawa za kupaka zenye kapsaisini kidogo kwa maumivu ya viungo, na mwaka 2009 Marekani iliruhusu plasta yenye kapsaisini ya asilimia 8 kwa watu wanaoteswa na maumivu yanayobaki baada ya mkanda wa jeshi. Plasta hiyo hubandikwa na wenye ujuzi.

Lakini angalieni, ndugu zangu: kumlaza mjumbe si kuuzima moto. Usaha ulikuwa ukiendelea katika taya langu, nasi tulikuwa tumemnyamazisha yule aliyekuwa akituita.

Pilipili ina neema nyingine isiyo na hila. Albert Szent-Györgyi, mtaalamu wa Hungary, alihitaji kwa wingi kitu ambacho baadaye kiliitwa vitamini C, akakipata mwanzoni mwa miaka ya 1930 katika pilipili tamu za mji wa Szeged. Yeye mwenyewe alisimulia kwamba mkewe alimwandalia pilipili hizo jioni, naye hakutaka kuzila, akazipeleka katika chumba chake cha uchunguzi. Alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1937. Pilipili mbichi hulipita chungwa kwa vitamini hiyo kwa uzito ule ule, na vitamini hiyo ndiyo inayozuia kiseyeye. Lakini moto wa jiko na kukaa sana huipunguza.

Mipaka yake

Nimalize kwa mambo machache ya nyumbani. Pilipili haiponyi jino bovu, kidonda chenye usaha, wala sumu ya nyoka. Akiingiwa na pilipili jichoni, mtu aoshwe kwa maji safi mengi na kupelekwa zahanati asipopata nafuu. Mikononi maji matupu hayafai sana, kwa kuwa kapsaisini haiyeyuki katika maji; tumia mafuta, kisha sabuni. Kinywani maziwa hushinda maji. Na wale wanaosema pilipili ndiyo inayoleta vidonda vya tumbo wajue kwamba Barry Marshall na Robin Warren wa Australia waligundua, katika miaka ya 1980, kwamba vidonda vingi huletwa na bakteria. Mwenye vidonda huenda akaumia akila pilipili, lakini asiiache dawa ya hospitali akidhani kuacha pilipili kwatosha.

Tena kuna desturi ya kuwaadhibu watoto kwa pilipili. Nayo ni ya kale: picha za kitabu kimoja cha Mexico cha miaka ya 1540 hivi zaonyesha baba akimshika mwanawe wa miaka 11 juu ya moshi wa pilipili. Lakini ukale wa jambo si ushahidi wa haki yake. Jicho la mtoto halifundishwi kwa moto.

Bibi yangu amekwisha kutangulia mbele ya haki. Kabla hajafa nilimsomea habari za jino katika kitabu cha Mexico. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Hao walioandika, walikuwa wajukuu wa nani?" Nikamjibu kwamba walikuwa wanafunzi wa chuo cha misheni, walioketi na wazee wao. Akasema, "Na wewe je, umeandika nini?"

Sikuwa na jibu, na makala hii ndiyo mwanzo wa jibu langu. Waalimu wenzangu, tuna kalamu, na wazee wetu bado wapo, ingawa si wote. Tuwaulize dawa zao, tuandike jina la mmea, namna ya kutumia, na zaidi ya yote, mahali dawa inapokoma. Kisha zipimwe, lililo jema lishikwe. Tukifanya hivyo, huenda siku moja mtoto wa nchi ya mbali akaepushwa na kovu kwa ajili ya pilipili ambayo hakuila yeye, wala hakuipanda.